Msalimie Fundi

Jumanne, 4 Machi

Dada mpenzi,

Leo ni tarehe nne, na kabla kalamu haijagusa karatasi nimejiapia kwamba nitakueleza yote, hata yanayonitia aibu mimi, hata yanayomtia aibu Mama. Ukiona mahali nimeruka, ujue mkono umechoka, si moyo umeficha.

Tafadhali usipige simu ya Mama. Usimwandikie ujumbe wowote. Sababu utaiona. Barua hii nimempa jirani yetu fundi cherehani aipeleke ofisi ya vifurushi stendi, na ya kujibu mtumie yeye pia.

Jana nilitoka shule nikakuta mlango wa mbele uko wazi, nikapiga hodi, kimya. Mama alikuwa kwenye chumba chake cha kazi, juu ya kile kiti chenye mto wa nyonga, amevaa spika zake za masikioni. Nikadhani anampangia mgonjwa siku ya kuja kliniki. Lakini mikono yake ilikuwa mapajani. Mikono mapajani, Dada, na mshale kwenye kioo cha kompyuta unatembea wenyewe. Unafungua faili, unafunga, unapanda, unashuka. Mama ametulia kama mtu anayesukwa nywele, hataki kumsumbua msusi.

Nikauliza, "Mama, nani anaendesha?"

Akafunika kipaza sauti kwa kiganja. "Ni fundi. Anatusafishia mashine. Msalimie fundi."

Akafungua sauti ya nje, nikasogea, nikasema shikamoo. Akaitika marahaba, kwa sauti ya mtu aliyelelewa vizuri, akaniuliza niko kidato cha ngapi. Nikamjibu. Yaani nimemwamkia mwizi, Dada, na kidato nikamtajia.

Ilianza asubuhi. Mama alikuwa akitafuta kwenye mtandao bei ya mto mpya, mara kioo kizima kikawa chekundu na mashine ikalia kama king'ora. Maandishi yakasema kompyuta imeingiwa na virusi, usiizime, ukiizima utapoteza kila kitu, piga namba hii sasa hivi. Mama akaona majina ya wagonjwa wote yanapotea mikononi mwake. Akapiga. Mtu akapokea, akasema anatoka kampuni kubwa ya kompyuta, akamwelekeza kupakua programu ya kumfungulia mlango. Alipoingia akamwonyesha orodha ndefu yenye alama nyekundu, akasema kila alama ni kirusi. Mimi orodha hiyo naijua. Mwalimu wa kompyuta alituonyesha darasani, akasema kila mashine inayo, hata ile iliyotoka dukani leo, ni kumbukumbu tu za kawaida. Alisema pia kwamba kampuni ya kweli haiweki namba ya simu kwenye onyo. Lakini Mama hakuwa darasani, na mimi sikuwa nyumbani.

Basi akamsomea tarakimu za siri za benki zilizoingia kwenye simu yake. Akaweka programu ileile kwenye simu. Akamtuma fundi cherehani akanunue vocha, akazikwangua, akasoma namba zake, kulipia kile alichoita ulinzi. Na yule Fundi wa simu akamwonya asiiambie benki wala hospitali, kwa kuwa eti kuna mtu wa ndani anayevujisha siri.

Utauliza kwa nini hakukata. Unamjua. Alikaa chumba cha simu cha hospitali tangu wewe hujazaliwa, na aliyemfundisha kazi alimwambia kwamba mpokea simu hakati kwanza. Anayekata ni mpigaji, kwa sababu hujui, huenda upande wa pili yuko mtu aliyefiwa na bado anatafuta neno. Fundi alikaa naye tangu asubuhi. Mama ameniambia mwenyewe kwamba aliomba ruhusa kwenda msalani, na Fundi akamruhusu.

Nilimwambia, "Mama, kata hiyo simu."

"Nitamkatiaje mtu anayenisaidia?"

Yule mtu akasikia, akacheka. "Mwache, mama. Watoto wa siku hizi wanajua kila kitu."

Mwishowe alikata yeye, akaagiza mashine isizimwe hadi amalize. Bado inawaka. Mama amenikataza kuigusa, ameifunika kwa kitambaa cha meza ili mwanga usitusumbue, na nikiinua pembe ya kitambaa naona mshale unatembea.

Mashine ni ya hospitali, Dada. Ndani yake mna majina ya wagonjwa, simu zao na magonjwa yao. Tangu nyonga ilipovunjika Mama anafanya kazi nyumbani kwa sababu Msimamizi wake alimdhamini. Wakijua, wataichukua, na chumba cha simu kiko juu huko, ngazi tupu, hawezi kurudi. Hiyo ndiyo kazi inayotulisha na kutusomesha sote wawili. Mama ameniapisha hospitali isijue.

Nifanye nini kwanza?

Mdogo wako,
Karani


Alhamisi, 6 Machi

Karani wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye korido ya wodi, na mkunga mkuu akanipa kiti, akidhani nimefiwa.

Usisubiri kumaliza kuisoma hii. Nenda kwenye kile kisanduku cha mtandao ukutani, chomoa waya wake, kisha zima kompyuta. Haitapoteza kitu. Yule alisema isizimwe kwa sababu ikizimika yeye yuko nje. Simu ya Mama nayo izime. Halafu rudi usome.

Umerudi? Sasa chukua kadi ya benki ya Mama, geuza nyuma, kuna namba. Mama apige hiyo, si namba nyingine yoyote aliyopewa na Fundi wala iliyotokea kwenye mtandao, na simu iwe ya mtu mwingine. Aseme alivyomsomea mtu tarakimu, wafunge kila kitu. Kisha abadilishe maneno yake yote ya siri, pia kwenye simu ya mtu mwingine. Vocha azihifadhi, na risiti, mwende nazo polisi. Mtaambiwa haziwezi kurudi. Nendeni hivyohivyo, tukio liandikwe. Usiisafishe kompyuta wewe. Najua unatamani. Ni ya hospitali, watu wao wa mitambo waione kama ilivyo.

Na kuna jambo la pili ambalo watu hawalijui. Watapiga tena. Safari hii si Fundi, ni mtu mpole zaidi, atasema anatoka sehemu inayorejesha pesa za walioibiwa. Ni walewale, wamegawana jina la Mama kama nyama.

Hospitali lazima iambiwe, na aseme Mama kwa mdomo wake. Mwambie wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi huku neno hilo nalisikia kila siku kwa maana yake halisi.

Usimkemee. Mwizi amekaa naye kutwa nzima akimwita mama. Wewe na mimi tumekaa naye lini kutwa nzima?

Dada yako,
Mkunga Nusu


Jumapili, 9 Machi

Dada mpenzi,

Waya nilichomoa nikiwa bado na barua yako mkononi. Mama alishika mlango akaniangalia kama ninamzimia mtu mashine ya kupumulia. Alisema, "Hajamaliza." Nikamwambia, "Amemaliza, Mama." Akakaa kitandani na kiatu kimoja mguuni.

Benki tulipiga kwa simu ya fundi cherehani. Aliyepokea alikuwa kijana, hakumcheka, akafunga akaunti papo hapo, na kwenye tawi Mama akapewa kadi mpya. Kilichoondoka kimeondoka. Polisi waliandika. Askari alimuuliza Mama, "Ulimwona uso?" na Mama akasema, "Nilimsikia," na askari akaweka kalamu chini.

Hayo ndiyo mazuri. Mengine haya.

Mama ameiambia hospitali kwamba mtandao wa mtaa umeharibika. Alisema kwa sauti yake ya kazini, ile nzuri, na mimi nimesimama hapohapo. Nilimsomea mstari wako kuhusu hospitali, akaniambia, "Dada yako bado hajamaliza hata chuo." Nikamsomea ule wa mficha uchi, akacheka kidogo, kisha akaanza kulia, kisha akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jana simu ya mezani, ileile Mama aliyompigia Fundi, ililia. Nilikuwa napiga pasi sare. Mama akapokea, na nikasikia sauti yake inalainika. "Ndiyo, ni mimi. Ndiyo, Jumatatu. Ee mwanangu, umejuaje?" Alikuwa mwanamke, anajua kiasi kilichochukuliwa, anajua hata rangi ya onyo lililotokea kwenye kioo. Alilia pamoja na Mama. Nilimsikia akilia, Dada, kilio kizuri sana. Akasema anatoka kitengo cha kurejesha, kila kitu kitarudi wiki hii, ila kuna ada ndogo ya faili na Mama asome namba ya kadi mpya.

Mama alikuwa ameshaishika kadi.

Nilimwonyesha barua yako, pale ulipoandika watapiga tena. Alisoma. Nina hakika alisoma, maana macho yake yalifika mwisho wa mstari na kurudi. Kisha akamwambia yule mwanamke, "Subiri nivae miwani." Miwani ilikuwa usoni kwake.

Nikabonyeza kitufe cha simu kwa kidole. Ikakatika.

Mama hakunipiga. Heri angenipiga. Aliniangalia kama nimemsukuma mtu ngazini, akasema, "Umemkatia mtu simu." Tangu hapo anazungumza nami kwa ishara. Chakula anasukuma sahani. Mlango anaonyesha kwa kidevu. Mama, ambaye watu wakipiga simu hospitali walikuwa wakiiomba sauti yake, wakiisifia.

Dada, mtu akizoea kunyamaza, je, kazi yake ya kuongea itabaki? Naogopa zaidi ya nilivyoogopa Jumatatu.

Karani wako


Jumanne, 11 Machi

Karani,

Naandika kwa haraka, zamu inaanza.

Jana Mama alinipigia kwa simu ya fundi cherehani. Sauti yake ilikuwa nzima kabisa, alinitania hata kuhusu kupika. Nikamuuliza juu ya hospitali. Akasema hakuna cha kuiambia hospitali, kwamba wewe ulikuwa ukicheza michezo kwenye mashine akiwa amelala, ukabonyeza usichokijua, na sasa unajifunika kwa kumtupia yeye. Akasema, "Ni mtoto, usimkaripie sana."

Sijui niseme nini. Barua zako ninazo hapa mbili na ni barua za mtu anayesema kweli. Lakini sijawahi kumsikia Mama akisema uongo, hata wa kumnyamazisha mtoto sindanoni.

Hukuandika mahali popote kwamba uliwahi kuigusa mashine ile. Uliwahi? Nijibu wazi. Sitakasirika.

Dada yako


Ijumaa, 14 Machi

Dada,

Sikuigusa.

Niliandika neno hilo peke yake kwanza ili ulione. Mashine ile tangu iletwe nimeipangusa vumbi tu, tena imezimwa, tena kwa kitambaa kikavu. Niliapa kukueleza yote, na nimekueleza yote, na hata hivyo umeniuliza. Sina hasira. Hapana, ninayo, na kwa kuwa nimeapa ninaiandika.

Sasa sikiliza ya jana.

Msimamizi alikuja nyumbani. Hajawahi kuja. Alikataa chai, akakaa kwenye ncha ya kiti na mkoba wake magotini. Akasema wagonjwa wanapigiwa simu na watu wanaojifanya hospitali. Mzee mmoja anayesubiri kupasuliwa jicho aliambiwa nafasi yake atapewa mwingine asipotuma pesa upesi. Akatuma pesa aliyoiweka ya dawa. Alifika hospitali kuuliza kama imepokelewa, na mhudumu wa dirishani akamwambia nafasi yako haikuwahi kuwa hatarini, mzee. Alikaa kwenye benchi hadi wakafunga.

"Inayojua tarehe yake, jicho lipi na simu yake ni mashine yetu tu," Msimamizi akasema. "Na wote waliopigiwa wako kwenye orodha yako. Nini kimetokea hapa?"

Mama alikuwa akikunja kitambaa cha meza, kilekile. Akakikunja mara nyingine.

"Ni mtoto," akasema. "Alifungua michezo."

Msimamizi akanigeukia. "Ni kweli?"

Nilimwangalia Mama. Yeye alikuwa akiangalia kitambaa. Nikaona kichwani ngazi za hospitali, nikaona ada yako ya chuo, nikaona jinsi anavyoinuka asubuhi kwa kushika meza. Nikasema, "Samahani." Sikusema ni mimi. Sikusema si mimi. Nilisema samahani tu, na Msimamizi akaliandika kama jibu.

Akasema kuna kikao Jumatano. Niende na Mama, nitie saini maelezo yangu, na mwalimu mkuu atajulishwa. Kwa Mama akasema, "Kama ni mtoto, huenda wakakuelewa. Mashine kuachwa wazi ni kosa, lakini si kama kumfungulia mwizi kwa mkono wako." Unaona, Dada. Amempa Mama ubao wa kushika majini, na ubao wenyewe ni mimi.

Alipoondoka Mama akaenda kuosha vyombo. Leo asubuhi nimekuta viatu vyangu vya shule vimepigwa rangi, vinang'aa, hata soli pembeni. Hajafanya hivyo tangu nilipojifunza kuvaa mwenyewe. Nilivivaa nikaona aibu kukanyaga navyo.

Nikitia saini, Mama atabaki na kazi na mimi nitakuwa mwongo aliyeapa kusema kweli. Nisipotia, nitasema kweli na Mama atapoteza kazi kwa mdomo wangu. Na upande wowote nitakaosimama, yule mzee amekaa kwenye benchi. Nimepiga hesabu hii hadi kichwa kinauma, na mimi hesabu ni somo langu.

Nitie saini?

Karani


Jumamosi, 15 Machi

Binti yangu mkubwa,

Salamu nyingi. Ni muda mrefu sijaandika kwa mkono, utavumilia mwandiko.

Nilikupigia nikakudanganya. Sina njia nzuri ya kuliandika, kwa hiyo nimeliandika vibaya.

Mdogo wako hakugusa kitu. Alikuta nimeshavuliwa.

Kuna jambo ambalo yeye halijui, na nakuomba lisitoke kwako. Anadhani nilidanganywa kutwa nzima. Nilidanganywa asubuhi tu. Adhuhuri nilijua. Masikio ndiyo kazi yangu, najua chumba kwa kelele zake. Yule kijana alisema yuko peke yake ofisini, na mimi nyuma yake nasikia sauti nyingine, nyingi, kila moja inasema maneno yaleyale: usiizime, mama, usiizime, baba. Nilijua ni soko. Nilijua mimi ni kuku.

Lakini nilikuwa nimeshamsomea tarakimu za kwanza. Kumkatia ingekuwa kukubali kwamba mimi, niliyefundisha wasichana wote wa chumba cha simu kumtambua mpigaji kwa pumzi, nimeliwa. Basi nikabaki kwenye mstari nikiomba nisiwe nimesikia vizuri. Nikamsomea za pili ili za kwanza zisiwe zimepotea bure. Mdogo wako alipoingia nikamwambia amsalimie. Nilifikiri akimsalimia, atakuwa mtu kweli.

Alipokuja Msimamizi, neno lilinitoka kabla sijaliona. Mtoto. Likatoka laini, kama sikulisema mimi. Naye akasema samahani. Laiti angenikana. Laiti angepiga kelele kuwa mama huyu ni mwongo. Aliomba msamaha kwa kosa langu na macho yake hayakunilaumu, na tangu hapo siwezi kukaa naye chumba kimoja, nakwenda naosha vyombo.

Leo yule mwanamke wa kurejesha pesa amepiga tena. Amenililia tena. Nimemkatia katikati ya chozi lake. 

Jumatano inakuja. Nikisema kweli, mashine wataichukua na mimi sijui nitawalisha nini. Nikinyamaza, mtoto atatia saini. Najua atatia, ni mtiifu, nimemlea hivyo mwenyewe. Mimi ndiye niliyekushika mkono ulipojifunza kutembea, na leo ninakuuliza wewe nikanyage wapi.

Mama yenu


Jumatatu, 17 Machi

Karani wangu,

Usitie saini.

Niwie radhi. Nilikuuliza swali ambalo barua zako zilikuwa zimeshalijibu, na nililiuliza kwa sababu ilikuwa rahisi kumtilia shaka mdogo kuliko mkubwa. Nakuamini. Nilipaswa kuandika neno hilo Jumanne.

Mama ameniandikia. Hayo aliyoandika si yangu kuyasema. Nitasema hili tu: anakuonea aibu, hajakuchukia, na usihesabu kunyamaza kwake kama adhabu.

Nimemjibu kwenye bahasha hiyohiyo, karatasi ya pili iliyokunjwa. Mpe bila kufungua. Usijisumbue kuwazia nimemhubiria nini. Ni mstari mmoja. Nimemwandikia, "Mama, wagonjwa bado wanapigiwa."

Siwezi kuja. Nimeomba ruhusa nikanyimwa, tuna wazazi watatu kwenye kitanda kimoja kwa zamu. Nenda naye. Akikuegemea ngazini, mwache akuegemee kwa uzito wake wote.

Dada yako


Alhamisi, 20 Machi

Dada mpenzi,

Nimerudi shule na nimemaliza kazi zote za nyumbani ili niandike bila kukatizwa.

Karatasi yako nilimpa Mama Jumanne jioni. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaiweka ndani ya kiatu chake. Sijui kwa nini kiatu. Asubuhi akavaa suti yake ya kijivu, na alipofika mlangoni akaniambia sentensi ya kwanza tangu nilipomkatia yule mwanamke simu. Akasema, "Chukua maji ya kunywa, ngazi ni nyingi."

Lifti ilikuwa mbovu kama siku zote. Kila ngazi ilipogeuka Mama alisimama, akashika ukuta, wauguzi wakampita wakimwamkia, naye akawaitikia kwa furaha kama amesimama hapo kupumzika macho. Aliniegemea. Sikujua ni mzito hivyo, au mwepesi hivyo, sijui nichague neno lipi.

Chumbani walikuwa Msimamizi, mwanamume wa utawala na fundi wa mitambo wa hospitali, fundi wa kweli safari hii, kijana mwenye kalamu mdomoni. Karatasi yangu ya maelezo ilikuwa imeshaandikwa na mtu, imebaki saini. Wakanisogezea.

Mama akaweka kiganja juu yake.

"Mtoto hakugusa," akasema. "Mtoto aliingia akaambiwa amsalimie mwizi, akamsalimia. Aliyemfungulia ni mimi."

Msimamizi akasema, "Siku ile ulisema—"

"Siku ile nilisema uongo."

Mwanamume wa utawala akauliza kwa nini hakuzima mashine. Mama akajibu, "Kwa sababu iliniambia nisizime." Hakuna aliyecheka. Yule kijana wa mitambo akatoa kalamu mdomoni, akasema taratibu kwamba mashine ikishaletwa ataisafisha yote upya, hakuna faili litakalobaki, lakini yale yaliyokwisha kutoka hayarudi. Maji yakimwagika hayazoleki, akasema, kisha akatuomba radhi kwa kusema methali mbele ya wakubwa.

Uamuzi bado. Mashine ya nyumbani wameichukua. Laini ya kliniki hatapokea tena hadi wakae kikao cha pili mwisho wa mwezi, na mwanamume wa utawala hakunipa matumaini, nami sitakupa. Anaweza kufukuzwa, Dada. Msimamizi mwenyewe ana barua ya onyo kwa sababu yetu, na alipotuaga hakumshika Mama mkono.

Lakini kabla hatujatoka Mama aliomba kitu. Hakuomba kazi. Aliomba ile orodha na simu moja, hata iwe mbovu, awapigie wagonjwa yeye mwenyewe, mmoja mmoja, awaonye. Wakatazamana. Kijana wa mitambo akasema kwamba mtu lazima awapigie, na kwamba yeye hana sauti ya kazi hiyo. Wakamkubalia, msichana mmoja wa chumba cha simu akae naye. Nililetewa kiti, nikakaa nyuma yao hadi jioni.

Nilidhani ataanza kwa kusema hospitali inawatahadharisha wagonjwa wake. Hakuanza hivyo. Kila aliyepokea alimwambia, "Shikamoo," au "Habari yako," kisha akasema, "Mimi ndiye niliyemwachia mwizi namba yako ya simu." Hivyohivyo, kwa wote. Yule msichana alimnong'oneza, "Mama, unaweza kusema ni hitilafu," naye akatikisa kichwa na kupiga namba inayofuata.

Wengine walimtukana. Wa kwanza kabisa aliyempigia ni yule mzee wa jicho, na sauti ya mzee ilitoka kwenye simu hadi kwangu. "Umeniuza kwa bei gani?" Mama akasema, "Bure, mzee wangu. Ndiyo maana inauma zaidi."  Kisha mzee akamuuliza, "Na wewe walikuchukulia nyingi?" Wakaongea muda mrefu, na Mama akamwelekeza kituo cha polisi na namba ya nyuma ya kadi, kama ulivyotuelekeza wewe. Mwanamke mwingine alisema kuna mtu wa hospitali amepanga kumpigia jioni ileile kuhusu ada ya kitanda. Mama akamwambia hospitali hii haidai ada kwa simu, asipokee. Aliyarudia maneno hayo mara tatu hadi mwanamke yule akayasema mwenyewe. Huyo mmoja, Dada, wezi hawakumpata. Nimeliandika hilo pembeni ya daftari la hesabu, mahali ninapoliona.

Leo amekwenda tena, peke yake. Ngazi zilezile. Amerudi sauti imekauka.

Sasa jambo lenyewe. Tumekula pamoja. Anaongea nami, ananiuliza shule, ananiambia chumvi imezidi. Mbele ya kikao alinisafisha, na karatasi ile ilichanwa. Lakini kati yetu wawili, hapa nyumbani, hajasema neno juu ya siku ile aliposema ni mtoto. Mara mbili jioni hii ameanza, "Mwanangu," kisha akageuka kutafuta kifuniko cha sufuria. Tumefundishwa jinsi mtoto anavyomwomba mzazi radhi, tunajua hata pa kuweka mikono. Sijawahi kufundishwa mzazi anaombaje, wala mtoto anampaje.

Mimi nimeshamsamehe. Nilimsamehe ngazini, alipokuwa ameniegemea. Naogopa nikimwambia kabla hajaomba, nitakuwa kama ninamkumbusha deni. Na nikisubiri aombe, naona anavyoteseka na vifuniko vya sufuria.

Dada, nimwambie leo kwamba nimesamehe, au nimwachie aanze yeye? Nijibu kwa basi la kesho, fundi cherehani atasubiri stendi.

Mdogo wako,
Karani